SOMO LA WIKI: Simu ya Japani na mpunga wa Kilombero

Mfanyabiashara wa mpunga wa Lipangalala, mjini Ifakara, hupokea malipo ya mteja wa Dar es Salaam kwa simu ya kitochi. Wajapani walikuwa mbele ya dunia katika biashara ya simu, lakini huduma hiyo hawakumuuzia wao. Sababu yake ni somo kwa yeyote anayetaka kuweka fedha katika kampuni ya teknolojia.

Februari 1999, kampuni ya NTT DoCoMo ya Japani ilizindua i-mode. Mteja alisoma habari, akatuma barua pepe na kuangalia akaunti yake ya benki kwa simu ya mkononi. Wauzaji wa habari na michezo walilipwa kupitia bili ya simu, na DoCoMo ikakata ada ya asilimia 9. Mwaka 2004 ikaja simu-pochi: mteja anaigusisha kwenye mashine dukani na malipo yamekamilika.

Tatizo lilikuwa nje ya mipaka. Mtandao wa Japani wa miaka hiyo, uitwao PDC, haukutumika nchi nyingine. Simu iliyotengenezwa kwa ajili yake isingefanya kazi Ifakara wala London. Mwaka 2000 na 2001 DoCoMo ilinunua hisa za makampuni ya simu ya Uholanzi, Uingereza na Marekani ili kueneza teknolojia yake. Thamani ya hisa hizo ikaporomoka, na kampuni ikafuta mabilioni ya dola katika vitabu vyake.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Haikudai simu ya gharama wala mashine dukani. Ilitosha kuwa na laini, namba ya siri na wakala wa jirani. Ilifuata vitu ambavyo mteja alikuwa navyo tayari.

Hata hivyo, huduma kupendwa ni jambo moja na mwenye hisa kupata faida ni jambo lingine. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 850 kila moja, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Baadaye bei ilishuka chini ya hapo. Kwa mwenye hisa 1,000, kila anguko la shilingi 50 ni shilingi 50,000 za mtaji. Julai 2021 Serikali iliweka tozo kwa miamala ya simu. Septemba mwaka huo ikaipunguza kwa asilimia 30.

Wakala naye ana hesabu yake. Wakati wa mavuno wakulima hutoa fedha kuliko kuweka, hivyo noti humwishia huku salio la simu limejaa. Asiyetenga mtaji wa msimu hukosa kamisheni ambayo jirani yake huichukua.

Kabla ya kutoa shilingi yako, jiulize maswali matatu. Je, mteja anacho tayari kifaa kinachohitajika? Nani anakata ada, na kiasi gani? Sheria au kodi ikibadilika, nani atabeba mzigo? Usiponunua kwa sababu huna majibu, mtaji wako bado uko mfukoni.