Mpira wa Babu

Mwaka jana niliwaletea shairi. Mwaka huu nimeonelea heri niandike jambo la Biolojia, kwa sababu liliingia nyumbani kwetu bila hodi.

Babu alipatwa na kiharusi. Mkono ulipata nguvu tena lakini koo lilikataa. Kila akinywa uji alikohoa, maana uji ulikuwa ukipotea njia na kuingia mapafuni badala ya kushuka kwenye umio. Aliugua nimonia mara mbili. Daktari akashauri awekewe mpira wa kulishia, unaoingia tumboni moja kwa moja. Babu akakataa katakata. "Mtu hulishwa kwa mdomo, si kwa ubavu!" Nyanya naye akauliza swali lililotushinda sote: chakula kisichopita mdomoni kitamfaa nini?

Nililibeba swali hilo hadi kwa mwalimu wetu wa Biolojia. Alinikumbusha kwamba mdomoni chakula hutafunwa, na mate huanza kuvunjavunja wanga. Umio hausagi wala haufyonzi chochote. Kazi yake ni kusukuma tonge tu. Kazi kubwa hufanywa na tumbo, kisha utumbo mwembamba, ambao hupokea nyongo na maji ya kongosho na kufyonza chakula. Kwa hivyo mpira huu hukwepa barabara tu. Jiko li pale pale.

Jambo hili lina historia ya ajabu. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, ila tundu la kuingia tumboni halikuziba. Daktari William Beaumont akawa anafunga vipande vya nyama kwa uzi, anavitumbukiza humo, kisha anavivuta aone vimesagika kiasi gani. (Mimi binafsi sikupendezwa. Mtu si panya wa maabara!) Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka 1833 kilifundisha mengi, na St. Martin aliishi na tundu lake hadi 1880.

Mwaka 1849, Mfaransa Sédillot alijaribu kumtoboa mgonjwa tundu kama hilo makusudi, lakini mgonjwa akafa. Njia rahisi ilipatikana Cleveland, Marekani, mwaka 1979, kwa madaktari Gauderer na Ponsky, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtoto mchanga. Kamera nyembamba hupitishwa mdomoni hadi tumboni. Taa yake huonekana kupitia ngozi, na hapo ndipo sindano hudungwa. Uzi hupenyezwa, ukavutwa hadi ukatokea mdomoni, ukafungwa kwenye mpira, kisha ukavutwa tena kurudi chini mpaka mpira uchomoze nje ya tumbo. Kishikizo kama kifungo hubaki ndani kuuzuia usichomoke. Ukichomoka, ni kukimbia hospitali mara moja, kwani tundu huanza kuziba baada ya saa chache tu.

Basi nikamchorea babu haya yote kwenye daftari. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo tumbo ndilo linalokula?"

"Ndilo, babu."

"Kumbe huu mdomo ulikuwa ukijipa sifa za bure!"

Wiki iliyofuata aliwekewa.

Mambo hayakunyooka mara moja. Siku moja shangazi alimimina uji mzito, mpira ukaziba, ikabidi turudi hospitali usiku. Siku hizi uji huchujwa, na mpira husafishwa kwa maji kabla na baada ya chakula. Babu huketi wima akilishwa, wala halali mpaka nusu saa ipite au zaidi. Nimonia haijarudi.

Muuguzi humfundisha kumeza upya, polepole. Akiweza, mpira utatolewa na tundu litajiziba lenyewe. Kwa sasa, jioni huketi nasi mezani, sirinji yake mkononi, na nyanya humwekea sahani tupu mbele yake kama zamani.