Sauti ya Mzee Isizame Katika Kelele



Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alirekodi nyimbo za Wakipsigis kule Kapkatet. Mpaka leo zasikika. Kaseti zetu nyingi za wazee, lakini, ni "shhh" tupu. Kelele ikishaingia kwenye tepu, kuitoa ni kazi. Basi izuieni mapema:

1. Rekodini asubuhi. Mvua ya alasiri ikipiga mabati, mzee hasikiki.

2. Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, juu ya kitambaa. Ikiwa mbali mtaongeza sauti, na kelele itapanda nayo. Hata mkitumia simu ni hivyo hivyo.

3. Safisheni hedi, kile kichuma kinachogusa tepu, kwa pamba na spiriti. Kikauke kwanza.

4. Dolby hupandisha sauti nyembamba zilizo hafifu wakati wa kurekodi, kisha huzishusha wakati wa kucheza, na mvumo wa tepu hushuka pamoja nazo. Haiondoi mvua wala kuku! Kaseti iliyorekodiwa bila Dolby msiicheze na Dolby, itafifia.

5. Vunjeni vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asirekodi juu yake. Halafu nakilini kwenye kompyuta, maana tepu huchakaa.

Tujadiliane: Mzee gani kijijini hajarekodiwa bado? Nani atamwendea wiki hii?