Tufundishe Watoto Kugawana kwa Vitabu vya Picha



Wengi wenu mliomaliza kisomo mnatuuliza: "Mwalimu, kusoma tumejua. Sasa tusome nini ili tusisahau?" Leo tunawajibu: someni pamoja na watoto wenu. Kitabu cha picha cha watoto kina maneno machache na herufi kubwa. Mzazi anayesoma polepole hapati taabu. Mtoto naye anajifunza kugawana na wenzake, kungoja zamu yake, kubisha hodi na kusema asante.

Vitabu hivyo vipo kwa Kiswahili. Hapa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa mwaka 1991, na umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi. Waulizeni walimu wa shule ya msingi iliyo karibu nanyi.

KWA NINI PICHA?

Kumbukeni darasa la kisomo. Mara nyingi mwalimu alianza na picha. Aliuliza, "Mnaona nini?" Mkasema, mkabishana, mkaelewana. Herufi zilikuja baadaye. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Ukimwambia, "Usiwe mchoyo," hajui mchoyo ni mtu gani. Lakini akiona picha ya mtoto anayekula peke yake huku mwenzake anamkodolea macho, anaelewa.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme katika picha ya kwanza Juma kashika embe. Dada yake Asha kakaa kando, mikono mitupu. Mama asikimbilie kusoma. Aulize kwanza:

– Juma ana nini?
– Embe.
– Na Asha je?
– Hana.
– Uso wake ukoje?
– Kanuna.
– Ungekuwa wewe ndiye Juma, mwanangu, ungefanyaje?

Hapo mama anyamaze, angoje jibu. Huenda mtoto akasema, "Ningekula lote!" Asimgombeze. Afungue ukurasa wa pili waone pamoja. Kumbe embe limekatwa vipande viwili, na wote wawili wanacheka. Sasa mama asome maneno, akiyafuata kwa kidole.

TUSIKOSEE HAPA

Wazazi wengi hudhani kufundisha kugawana ni kumnyang'anya mtoto kitu na kumpa yule anayelia. Sivyo. Mtoto aliyenyang'anywa hajifunzi kutoa. Anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayechukua. Kesho naye atamnyang'anya mdogo wake, au atakula embe lake mafichoni. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi moyo haufundishwi kwa kunyang'anywa.

Tuangalie na umri. Kwa mtoto wa miaka miwili kila kitu ni "changu". Huo si uchoyo, bali ndivyo akili yake inavyokua. Huyu mfundishe zamu: "Mwenzako acheze kidogo, halafu utarudishiwa." Na kweli arudishiwe! Akifika miaka mitatu au minne, anaanza kuelewa vizuri zaidi jinsi mwenzake anavyojisikia. Hapo ndipo picha za nyuso humfaa sana.

KITABU KIFIKE KWENYE SINIA

Kitabu kikifungwa, somo halijaisha. Jioni hiyo hiyo mpe mtoto kazi: "Leo wewe ndiye mgawaji wa ndizi. Hakikisha kila mtu kapata. Mgawaji huchukua mwisho." Mtaona jinsi atakavyopima kwa macho vipande vilingane! Akimaliza, mwambieni asante. Mtoto anayeambiwa asante na wakubwa hujua kuisema.

Na sisi wakubwa tujitazame. Kama baba anajichagulia vipande vyote vya nyama, na mama na watoto wanabaki na mchuzi, hakuna kitabu kitakachomfundisha mtoto huyo kugawana. Kitabu kinasema hivi na sinia linasema vile. Mtoto ataliamini sinia.

KAMA HAMNA KITABU

Tengenezeni cha kwenu.

1. Kusanyeni kalenda kuukuu au vipande vya boksi. Vikateni vilingane.
2. Choreni picha nne, au mkate picha na kuzibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Nyuso zionekane vizuri: nani anacheka, nani analia.
3. Chini ya kila picha andikeni sentensi moja fupi, kwa mfano: "Asha anabisha hodi."
4. Shoneni pembeni kwa sindano na uzi.

Baba na mama wote washiriki. Kazi hiyo ni zoezi zuri la kuandika, na mtoto atakipenda kitabu kilichotengenezwa mbele ya macho yake. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkunje taratibu asivunjike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya kugawana na kunyang'anywa?
2. Nyumbani kwako nani hugawa chakula? Nani huchukua kwanza, na nani huchukua mwisho?
3. Andika sentensi nne za kitabu cha picha kuhusu mtoto aliyemwazima mwenzake mpira. Wasomee wanao jioni, kisha uwasikilize watakavyosema.