Onyo la virusi likifunika skrini
Iwe uko saiba Karatina au nyumbani Nyeri, onyo linalopiga kelele kuwa kifaa chako kina virusi na kukutaka upige simu sasa hivi ni la matapeli. Microsoft haiweki nambari ya simu kwenye maonyo yake. Usipige. Usiguse hata alama ya kufunga iliyo ndani ya onyo; mara nyingi nayo ni mtego. Kwenye kompyuta bonyeza Alt+F4. Ikigoma, Ctrl+Shift+Esc, kisha uzime kivinjari. Kwenye simu funga Chrome, ingia kwenye mipangilio yake, uzinyime ruhusa ya arifa tovuti usizozijua. Likirudi, ondoa programu uliyoweka majuzi. Umeshawapa PIN ya M-Pesa? Ibadilishe kwanza, halafu uripoti kwa Safaricom kupitia 333.