SOMO: NI NANI ANAYEAMBIA MZIZI UTOE MATAWI?



Mche ukifa shambani tunalaumu mvua, mchwa au mbuzi wa jirani. Lakini miche mingi hutoka kitaluni ikiwa tayari na shida ya mizizi. Kati ya 2020 na 2022, sehemu kame za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Wakati kama huo, mche wenye mzizi mmoja uliojikunja hauna lake. Wenye mizizi mingi ya pembeni unaweza kujitafutia maji. Basi tujifunze mizizi hiyo inatoka vipi.

1. Katiba na mjumbe

Ndani ya mmea mna jeni. Hizi ni kama katiba ya kikundi: zinaeleza kazi ifanywe namna gani, na mmea huzirithi kwa wazazi wake. Homoni ni kama mjumbe anayepeleka habari. Katiba bila mjumbe imelala tu, na mjumbe bila katiba hana la kusema.

Mjumbe mkubwa wa mizizi anaitwa oksini. Hutengenezwa zaidi kwenye vichipukizi na majani machanga, halafu huteremka mpaka mizizini. Ikikusanyika mahali fulani, huamsha jeni za hapo na mzizi mdogo unaanza. Unaanzia ndani, karibu na mishipa ya maji, kisha unatoboa ngozi ya mzizi mkubwa na kutoka nje. Homoni nyingine, saitokinini, kazi yake hapo ni kuzuia, mizizi isitoke ovyo ovyo.

Mwaka 2002 wanasayansi walieleza habari za mmea mdogo wa jamii moja na sukuma wiki, ambao jeni yake moja ilikuwa imebadilika. Haukutoa mzizi wa pembeni hata mmoja! Oksini ilifika, lakini haikusikilizwa.

2. Udongo nao una neno

Jeni hatuwezi kuzibadilisha kwa jembe. Lakini mzizi husikiliza udongo pia. Hutoa matawi zaidi upande wenye unyevu, na mahali unapokuta naitrojeni. Kwa hiyo changanya mbolea iliyoiva vizuri na udongo wote wa tyubu, usiiache juu juu.

3. Kazi ya mikono yetu

(a) Kata mizizi inayotoka chini ya tyubu. Ncha ya mzizi mkuu huwazuia wadogo. Ikiondolewa, matawi huchipuka nyuma ya mahali palipokatwa. Tumia wembe au kisu kikali, wakati wa jioni, na umwagilie maji kabla na baada.

(b) Usinyonyoe majani yote. Wakulima wa chai hupanda kipande cha shina chenye jani moja na jicho lake. Jani linapika chakula, na jicho linapochipuka linateremsha oksini. Kipande kisicho na jani huchelewa au huoza.

(c) Bomba la dawa ya magugu lisiingie kitaluni. Dawa iitwayo 2,4-D imetengenezwa kuiga oksini. Oksini kidogo huleta mizizi. Hiyo dawa ikizidi, mmea unapindapinda na kufa. Hata mabaki yaliyobaki ndani ya bomba yanaweza kuharibu miche, kwa hivyo kikundi kiwe na bomba la pili.

(d) Siku ya kupanda, toa tyubu yote. Ukiona mzizi umejizungusha, ukate pale ulipoanza kujikunja. Ukiuacha utaendelea kuzunguka hivyo hivyo, na mti utaanguka na upepo ukiwa mkubwa, baada ya miaka ya jasho lenu.

Maswali ya kujadiliana

1. Tung'oe mche mmoja kitaluni na kuosha mizizi yake. Tunaona matawi mangapi? Yako upande gani?
2. Mara ya mwisho tulikata mizizi lini? Ni nani ana zamu?
3. Je, bomba letu la kitalu limewahi kutiwa dawa ya magugu?

Kikundi kijaribu hivi: miche kumi ikatwe mizizi, kumi isikatwe, yote ipandwe siku moja. Baada ya kiangazi cha kwanza hesabuni iliyo hai. Mtakuwa na jibu la shamba lenu wenyewe.