Dondoo muhimu: Mkopo wa nyumba Mwanza, ukate bima ipi?

Benki mara nyingi hudai bima mbili. Ya maisha ya mkopaji humalizia deni ukifariki, na mara nyingi ukipata ulemavu wa kudumu, ili familia isidaiwe. Usiikwepe, hasa kama marejesho yote yanategemea mshahara wako. Uliza tu kama inamhusu na mwenzi mliyekopa naye.

Ya pili ni ya jengo, na hapa ndipo watu hupunjika. Bima ya moto peke yake haitoshi mji huu. Kama nyumba iko bondeni karibu na Mto Mirongo, taka neno “mafuriko” liandikwe kwenye mkataba. Taka na “tetemeko”: lile la Kagera la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba, ng’ambo tu ya ziwa. Kiwanja cha ufukweni kipimwe kwanza, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Thamani ya bima iwe gharama ya kujenga upya, bila kiwanja. Nyumba ya milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40, hasara ya milioni 20 unaweza kulipwa milioni 10 tu.

Samani ni zako, benki haihusiki nazo. Zikatie bima ukimudu. Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni ina leseni ya TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania.