Picha Inayofifia: Unaporekodi DVD Kwenye Mkanda wa Video

Umeunganisha deki ya DVD na deki ya mkanda, ukabonyeza kitufe cha kurekodi, filamu ikaisha salama. Unapoucheza ule mkanda, sauti ni safi kabisa, lakini picha inang'aa, inafifia, kisha inang'aa tena. Pengine inajikunja upande wa juu au inaingiwa na mistari ya rangi. Wengi hapo hukimbilia kwa fundi kusafisha hedi. Kabla hujatoa pesa, rekodi kipindi chochote cha televisheni kwa dakika chache kwenye mkanda huohuo. Kikitoka vizuri, deki yako ni nzima. Umekutana na kinga ya kunakili.

Kinga iliyoenea zaidi ni Macrovision. Filamu ya kwanza kuuzwa ikiwa nayo kwenye mkanda ilikuwa The Cotton Club, Marekani, mwaka 1985. Ujanja wake uko kwenye mistari ya picha isiyoonekana kwenye kioo, juu kabisa. Humo hupachikwa mapigo ya umeme yenye nguvu kupita kawaida. Deki ya mkanda ina saketi inayopima nguvu ya mawimbi ya picha na kuirekebisha yenyewe. Ikikutana na mapigo hayo hudhani picha yote ina mwanga mwingi mno, basi huufifisha. Mapigo yakipungua, huupandisha tena. Runinga nyingi haziyumbishwi nayo, ndiyo maana filamu hiyohiyo ukiitazama moja kwa moja haina kasoro.

Kwenye DVD, mapigo hayamo ndani ya diski. Diski hubeba alama tu, na chipu iliyo ndani ya deki ya DVD ikiisoma huyaongeza kwenye mawimbi yanayotoka. Kwa hiyo kununua waya mpya au mkanda wa bei kubwa ni kutupa fedha. Deki mpya ya VHS nayo haisaidii: sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliwalazimu watengenezaji kuhakikisha deki zao zinaitii kinga hii.

Wanaoonewa ni wale wasionakili chochote. Runinga ya zamani yenye tundu la antena peke yake humfanya mtu apitishe waya za DVD kwenye deki ya mkanda ili apate picha tu, na kinga, isiyojua nia ya mtu, inamharibia filamu aliyoinunua kihalali. Dawa ipo: nunua modyuleta, kifaa kidogo kinachogeuza picha na sauti kuwa chaneli ya antena. Kiweke kati ya DVD na runinga, deki ya mkanda ikae pembeni. Kama runinga ina matundu ya picha na sauti, huhitaji hata hicho.

Kuna pia vifaa vinavyouzwa kwa jina la "kusafisha picha", kazi yake halisi ikiwa kuyafuta mapigo. Uwe mwangalifu navyo. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kukwepa kinga za kiufundi. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda filamu dhidi ya kunakiliwa bila idhini.

DVD ya harusi au ya mahafali iliyochomwa na mpiga picha kwa kawaida haina alama ya kinga, na unaweza kumrekodia bibi kijijini mkanda wake. Hiyo nayo ikififia, sasa mpelekee fundi deki.